Paka Mzee Katika Nyumba Yetu

Katika nyumba zetu kuna mtumishi mmoja ambaye hatumlipi mshahara. Usiku tukilala, yeye yuko macho. Analinda maharagi, unga wa muhogo, mahindi ya mbegu, na hata vitabu vya watoto. Mtumishi huyo ni paka. Wengine humwita nyau, wengine pusi; jina si kitu, kazi yake ni moja. Akiwa na nguvu, watu wote wanamsifu. Lakini siku anapozeeka sifa zinakwisha, na maneno ya namna nyingine yanaanza. Leo napenda kuwaeleza habari za paka huyo mzee: namna ya kuishi naye, namna ya kumtunza, na hatari inayotokea kati ya watu wasipojua uzee ni kitu gani. Nitasema yale niliyoyaona nyumbani kwangu Bukavu, na yale niliyofundishwa na mganga wa wanyama.

Paka wetu aliitwa Zamu. Ninyi mliozaliwa upande wetu mnajua: zamu ni yule mlinzi anayekaa mlangoni usiku kucha na tochi yake. Mama yangu mzazi ndiye aliyempa jina hilo. Mwaka 2008, baada ya baba kufariki, mama alikuja kukaa kwangu Kadutu. Alileta vitu vitatu toka kijijini: godoro, kinu, na paka mdogo ndani ya kikapu. Wakati ule panya walikuwa wametutesa sana. Nyumba za mtaa wetu zimebanana mlimani, ukuta wa huyu unagusa ukuta wa yule, na panya hana haja ya kupiga hodi. Walitoboa gunia la unga, wakala maharagi tuliyoweka akiba, wakakata madaftari ya wanafunzi wangu niliyokuwa nasahihisha. Zamu alipofikisha mwaka mmoja, kelele za panya chini ya mabati zikakoma. Kwa miaka kumi hivi mke wangu aliweka gunia la maharagi pembeni ya chumba bila wasiwasi. Mtu akipiga hesabu ya maharagi yaliyookoka, ataona kwamba paka yule alilipa chakula chake mara nyingi.

Kisha uzee ukaja. Haukupiga ngoma. Kwanza tuliona kwamba Zamu haruki tena juu ya kabati. Baadaye aliacha kuruka juu ya meza, kisha hata juu ya kiti. Akitembea juu ya simenti, kucha zake ziligonga sakafu, kwani kucha za paka mzee hazirudi ndani vizuri kama zamani. Manyoya ya mgongo yalishikana, sababu hakuweza tena kujipinda na kujilamba. Alikunywa maji mengi, akakojoa mara kwa mara. Macho yake yalipata rangi ya moshi. Halafu, karibu mwaka 2021, alianza kulia usiku kwa sauti kubwa, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Watu wengine watauliza: paka ana miaka mingapi ndipo aitwe mzee? Waganga wa wanyama wanahesabu hivi. Mwaka wa kwanza wa paka ni kama miaka 15 ya mtu. Akitimiza miaka miwili, ni kama mtu wa miaka 24. Toka hapo kila mwaka mmoja unahesabiwa kama miaka minne. Basi paka wa miaka 11 ni kama mtu wa miaka 60, na paka wa miaka 15 ni kama mtu wa miaka 76. Wako wanaopita hapo. Paka mmoja wa mji wa Austin, katika Texas huko Marekani, aliyeitwa Creme Puff, alizaliwa mwaka 1967 akafa mwaka 2005, yaani alipita miaka 38. Lakini huyo ni wa ajabu. Zamu, mwaka 2022, alikuwa na miaka 14, ndiyo kusema kama mtu wa miaka 72. Mama yangu alizaliwa mwaka 1944. Basi ndani ya nyumba moja tulikuwa na wazee wawili, karibu wa rika moja.

Na walizoeana sana. Mama hakupata usingizi mrefu. Wazee wengi wako hivyo. Usiku wa manane aliamka, akaketi karibu na mbabula uliokwisha zimwa lakini bado una joto, na Zamu akaja kulala juu ya kikwembe chake. Mama alisema naye pole pole. Alimsimulia habari za kijiji, za mashamba, za watu waliokufa. Paka alinyamaza. Lakini kila alipotoka peke yake hata kwenye ukuta wa jirani, alilia sana, na watu wa pande zote mbili wakaamka.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea. Mwaka 2022, wakati wa mvua, mtoto wa jirani alishikwa na homa kali. Usiku uleule Zamu alikaa juu ya ukuta wao, akalia muda mrefu. Asubuhi maneno yalikuwa yamekwisha enea katika avenue yote. Walisema: huyu si paka tu. Walisema: macho yake yanawaka gizani. Walisema: yule Koko anasema naye usiku, nani asemaye na paka usiku kama si mchawi? Kwa siku tatu watu walipita mbele ya mlango wetu bila kumsalimu mama. Mtu mmoja alinishauri kwa upole: «Mwalimu, mtie paka huyo ndani ya gunia, ukamtupe mbali, maneno yataisha.» Vijana wengine hawakusema kwa upole.

Msomaji, usidhani ni mambo madogo. Mwaka mmoja tu kabla, yaani mwaka 2021, katika vijiji vya Kivu ya Kusini, wanawake wazee kadhaa waliuawa na makundi ya watu waliowashitaki uchawi. Tulijua habari hizo. Mke wangu hakulala. Tena mtu asiseme kwamba woga wa namna hii ni wa Waafrika peke yao. Mwaka 1566, katika mji wa Chelmsford huko Uingereza, mwanamke mzee jina lake Agnes Waterhouse alishitakiwa uchawi, akanyongwa. Kati ya mambo waliyomshitaki, paka wake alitajwa. Kumbe pahali pote, mwanamke akizeeka, akikaa peke yake na paka wake, watu wasiojua husema haraka.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza nilikwenda kwa jirani, nikamsaidia kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Walipima damu yake, wakakuta malaria. Alipata dawa, na baada ya siku chache alicheza tena. Pili nilimleta mganga wa wanyama nyumbani, amtazame Zamu. Alimpima tangu meno mpaka mkia, kisha akanieleza yote mbele ya mama.

Alisema: «Mwalimu, paka huyu amekuwa kiziwi. Hasikii sauti yake mwenyewe, ndiyo sababu analia kwa nguvu. Tena paka wengine wakizeeka akili inachoka kama ya mtu mzee sana: wanaamka usiku, hawajui wako wapi, wanaita. Rangi ya moshi machoni ni uzee; anaona, lakini si vizuri kama zamani. Haruki kwa sababu viungo vya mifupa vinamwuma. Anakunywa sana kwa sababu mafigo yamechoka. Hapa hakuna kitu cha kuogopa. Ni mzee tu.»

Nikamwuliza habari za macho kuwaka. Akacheka. Akasema kwamba nyuma ya jicho la paka kuna ngozi nyembamba inayorudisha mwanga kama kioo, ili aone vizuri penye giza kidogo. Moto hakuna ndani yake. Ng'ombe anayo, mbuzi anayo, mbwa anayo. Sisi watu hatuna, ndiyo maana yetu hayawaki.

Jioni moja nikaomba shefu wa avenue, mkubwa wa shirika letu na majirani waje kwangu. Nilitaka waone kwa macho yao, kwani mimi ni mwalimu, na ninajua kwamba mtoto haelewi hesabu mpaka ashike mawe mkononi. Zamu alikuwa amelala katikati ya chumba. Nikachukua sufuria na mfuniko, nikapiga kwa nguvu nyuma yake. Watoto wakaziba masikio. Zamu hakusogeza hata sikio moja. Mtoto mmoja akapiga makofi karibu na kichwa chake, ni bure. Lakini nilipokanyaga sakafu kwa mguu, alihisi mtikisiko, akainua kichwa, akatutazama kwa mshangao. Watu wakacheka. Kisha nikaomba jirani alete paka wake mwenyewe, kijana mwenye nguvu. Tukazima taa, nikawasha tochi. Macho ya paka wawili yaliwaka sawasawa. Jirani akasema: «Kumbe hata wangu!»

Ndipo mama akasema, naye hasemi mara nyingi mbele ya watu: «Wanangu, mimi pia sisikii vizuri. Mimi pia viungo vinaniuma. Usiku ninyi wote mmelala, nami sina usingizi. Ninasema na paka kwa sababu yeye yuko macho. Zamani nilichunga mbuzi za baba yangu, nikasema nao mchana kutwa, na hakuna aliyeniita mchawi. Je, kosa langu ni kwamba sasa nina mvi?»

Hakuna aliyejibu. Baada ya muda mke wa jirani aliondoka pahali pake, akaja akamshika mama mkono kwa mikono miwili, akasema: «Koko, utusamehe.» Siwezi kusema kwamba watu wote walisadiki siku ile. Wako waliondelea kupita upande mwingine wa njia. Lakini watoto walirudi kucheza mbele ya mlango wetu, na asubuhi mama alisalimiwa tena.

Sasa niwaeleze namna tulivyomtunza Zamu, kwani wengi hawajui, na gharama yake si kubwa.

Kwanza ni chakula. Watu wengi wanampa paka bugali na mchuzi tu, wakidhani atajitafutia mengine. Paka kijana anajitafutia, mzee hawezi. Mwili wa paka unahitaji nyama au samaki. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini macho yake yanaharibika. Na mwaka 1987 walionyesha kwamba hata moyo wake unalegea. Kwetu Kivu dawa ya shida hiyo ni sambaza, samaki wadogo ambao walitolewa katika ziwa Tanganyika wakatiwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960. Mama alichemsha sambaza wachache bila chumvi na bila kitunguu, akawaponda kwa kijiko, kwani meno ya Zamu yalikuwa mabovu. Kitunguu ni sumu kwa paka. Samaki wa chumvi wanachosha mafigo yake. Maziwa pia yanawaharisha paka wengi wakubwa. Kinywaji chake kiwe maji safi, nayo yawe karibu naye mchana na usiku, sababu mafigo yaliyochoka yanataka maji.

Pili ni joto. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wa mvua ni baridi. Tulimwekea sanduku la karatasi ngumu lenye nguo kuukuu ndani, mbali na upepo wa mlango. Mbele ya kiti cha mama tuliweka tofali moja, liwe ngazi yake. Mlango ulifungwa usiku, akae ndani. Tangu siku hiyo hakulia tena juu ya kuta za watu; na alipolia ndani, mama alimgusa mgongo, akanyamaza.

Tatu ni usafi. Kucha za paka mzee huwa nene na ndefu. Zinaweza kujipinda mpaka ziingie katika nyama ya mguu. Mke wangu alizikata ncha kidogo kila mwezi, akijihadhari asifike penye damu. Manyoya tuliyachana kwa kitana cha zamani. Mavi yake yalitolewa kila siku, kisha mikono ikanawiwa kwa sabuni. Kazi hiyo asiifanye mwanamke mwenye mimba, kwani katika mavi ya paka mwaweza kuwa na ugonjwa unaomdhuru mtoto tumboni.

Nne ni dawa, na hapa ninawaomba msikilize sana. Msimpe paka parasetamoli. Watu wanaona mnyama anaumwa, wanavunja kidonge cha nyumbani, wanamtia mdomoni kwa huruma. Lakini mwili wa paka hauwezi kuvunja dawa hiyo kama mwili wetu. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Aspirini vilevile ni hatari. Mwiteni mganga wa wanyama. Na mkiwa naye, mwombeni sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, kwani paka pia hupata ugonjwa huo. Kilio cha uzee kinaanza pole pole, kwa miezi. Lakini paka akibadilika ghafla, akashambulia watu, akatoa mate, mwogopeni kweli. Na aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende mbio kituo cha afya.

Mtu mmoja wa shirika letu aliniuliza swali jema: «Mwalimu, watoto wengine hawajala, nawe unamchemshia paka samaki. Ni haki?» Nikamjibu kwa Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992, kwani inasema maneno mawili pamoja, katika namba 2416 mpaka 2418. Neno la kwanza: wanyama ni viumbe vya Mungu, tuwatendee wema, tusiwatese bure. Neno la pili: haifai kutumia kwa wanyama fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Sisi tulijaribu kuyashika yote mawili. Hatukununua chakula cha kopo kilichotoka Ulaya. Sambaza wa Zamu walitoka katika sambaza wetu, kiasi cha kiganja kimoja. Na mtoto wa jirani alipokuwa na homa, fedha ya mfukoni mwangu ilikwenda kwanza kwa mtoto. Mganga wa wanyama alikuja baadaye. Utaratibu huo unatosha. Anayemtesa mnyama kwa kisingizio cha maskini, mara nyingi hampi maskini kitu.

Zamu aliishi mwaka mmoja na zaidi baada ya mambo hayo. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 aliacha kula. Mganga akasema mafigo yamekwisha, hakuna dawa ya kuyarudisha. Siku mbili alilala juu ya kikwembe cha mama, naye alimtia maji mdomoni kwa kitambaa. Siku ya tatu asubuhi tulimkuta amekufa. Mtoto wa jirani, yule wa homa, ndiye aliyechimba shimo nami chini ya mti wa avoka. Mama alisimama na fimbo yake, akasema: «Amemaliza zamu yake,» kisha akarudi ndani, akalala mchana wote.

Wageni wengine huuliza kama tumepata paka mwingine. Tumepata, panya hawangoji mtu amalize huzuni. Lakini faida kubwa tuliyoipata kwa yule wa kwanza haikuwa ya maharagi. Watoto wangu walijifunza kwa paka kumtazama mzee. Leo wakimwita mama yangu asipoitika, hawasemi tena kwamba ana kiburi. Wanakwenda mbele yake, wanamgusa mkono, ndipo wanasema.

Basi, ndugu msomaji, kama katika nyumba yako yuko mzee, awe mtu au mnyama, jioni ya leo jiulize maswali machache kabla ya kusadiki maneno ya mtaani. Je, anasikia? Anaona? Meno yake yanaweza kutafuna chakula unachompa? Maji yako karibu naye? Usiku anapata joto? Na akiamka usiku wa manane, yuko nani wa kumjibu?